Mwanamume Kabatini

Prodyuza alinipa sharti moja tu: "Biti ninayo, niletee sauti kavu." Yaani isiyo na mwangwi, kwa sababu mwangwi kuuongeza baadaye ni kubofya tu, ila ukishaingia kwenye rekodi kuutoa ni shughuli pevu. Sasa nyumba ya kupanga, Mwananyamala, ukavu utaupata wapi?

Bafuni nilijiona mfalme, vigae vinanirudishia kila neno limenenepa. Kuja kusikiliza, mtu anaimba ndani ya pipa. Sebuleni friji linanguruma, na kila nikifika kwenye kiitikio anapita jamaa wa dawa ya panya, mende na kunguni na spika lake. Jirani akashauri nibandike trei za mayai ukutani. Trei haziwezi besi hata kidogo, na mke wangu akauliza hayo mayai atakula nani.

Ndipo nikaliona kabati la nguo. La mninga, limesheheni magauni, vitenge vya harusi za watu na makoti tuliyonunua kwa ajili ya Mbeya. Nikapiga kofi moja mbele yake, likamezwa lote. Nikaingia, maiki mbele, nguo mgongoni, maana maiki ya aina ile inasikia mbele yake, kwa hiyo nyuma ya mwimbaji ndiko kwa kuziba. Kwa joto la Februari nikabaki na bukta. Kichwani nikajitanda kanga ya mke wangu ili biti isivuje kwenye hedifoni. Nikajifungia.

Kiitikio chenyewe: "Nifungulie mpenzi, nateketea humu ndani." Kwa sauti nyembamba, ile ya kubembeleza.

Mama mkwe, kumbe, ameingia kutoka Tanga bila taarifa. Rekodi ninayo mpaka leo, na prodyuza ameisikiliza kuliko wimbo. Unasikia hodi, unasikia ndara zinaburuzwa, halafu kimya, halafu: "Astaghfirullah! Mwanangu tena?" Kisha ufunguo ukazungushwa, ka! Hapo ndipo nilipovua hedifoni.

"Nyamaza, hayawani we!" ananinong'oneza kwenye tundu la ufunguo. "Mwenye mke akikukuta atakuua. Subiri mwanangu aje, utokee uani."

Nimjibu nini, na mwenye mke ndiye mimi? Halafu mbele ya mkwe mtu hatokei na bukta. Nikatulia, jasho linanichuruzika mpaka kwenye maiki.

Mke wangu akarudi kutoka sokoni. Mama yake akamvuta chumbani. "Mume mpole vile, mtu wa watu, anakupunja nini?" Tangu nioe sijawahi kusifiwa na ukweni kiasi kile, nikatamani aendelee. Mke wangu akaelewa papo hapo, lakini badala ya kufungua akacheka mpaka akakaa sakafuni, uso kaufunika kwa mikono. Mama akadhani analia, akaanza kumbembeleza. Mimi huku naiva.

Mlango ukafunguliwa. Nikatoka na bukta, kanga kichwani, maiki mkononi.

"Shikamoo mama."

Akageukia ukutani, mtandio usoni. "Marahaba, baba. Pole na kazi." Akanyamaza kidogo, kisha akachungulia kabatini kwa pembe ya jicho.

"Na huyo mwenzio je, bado yumo?"