Wamebakiza Miti, Eti

Juzi nilisimama mbele ya bango la mradi wa viwanja, nikalisoma mara mbili: "Tumezingatia mazingira, tumebakiza miti." Nikageuka kuitafuta hiyo miti. Kichaka kimoja, katikati ya udongo uliofukuliwa na tingatinga, kama kishungi alichokisahau kinyozi.

Tingatinga sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na hilo neno "tumebakiza".

Kipande cha msitu si msitu mdogo, na jambo hili lilishapimwa. Mwaka 1979, kaskazini mwa Manaus huko Brazili, mwanabiolojia Thomas Lovejoy na wenzake walianza kufuatilia vipande vilivyoachwa wafugaji walipokuwa wakifyeka: vya hekta 1, 10 na 100. Ndani yake hapakukatwa kitu. Lakini miti mikubwa ya pembeni ikaanza kufa yenyewe, kwa sababu upepo na joto lililokuwa likizuiwa na wenzao sasa liliipiga ubavuni. Halafu kuna ndege wanaoishi kwa kufuata misafara ya siafu, wakidaka wadudu wanaokurupushwa. Siafu wanataka eneo kubwa la kuzungukia. Kipande kidogo hakiwatoshi. Siafu wakitoweka, ndege nao hawana la kufanya pale. Kwa nje kijani kibichi, picha inatoka vizuri kabisa. Ndani wenyewe wameshahama.

Niliwahi kumwona hondohondo dume akija na tunda mdomoni mahali palipokuwa na mti mkubwa. Akatua kwenye gogo, akaruka, akazunguka, akarudi palepale, tunda bado analo. Msimu wa kutaga jike hujifungia kwenye tundu la mti, mlango anauziba, anabakiza ufa tu wa kupokelea chakula. Sasa piga hesabu mwenyewe, mti ulipoanguka nani alikuwa ndani. Mimi niliondoka.

Haya, najua, watu lazima wale na walale mahali. Nakubali, shingo upande. Ila FAO wenyewe, shirika la Umoja wa Mataifa ambalo kazi yake ni chakula, wanasema karibu asilimia 90 ya upotevu wa misitu duniani unatokana na kupanua kilimo, na karibu asilimia 40 ya upotevu wote ni kwa ajili ya malisho ya mifugo. Kwa hiyo tusimsingizie kila mara yule asiye na pa kulala.

Na wewe unayejiandaa kunijibu kwamba itapandwa mingine: mikaratusi kwenye mistari ni shamba. Tuishie hapo.

Kama ni lazima kufyeka, basi fyekeni upande mmoja, na huo mwingine uacheni uungane na msitu wa jirani, hata kwa ukanda wa kando ya mto. Mchora ramani anaimaliza kazi hiyo mchana mmoja. Lakini viwanja vya kando ya mto ndivyo vyenye bei, sivyo?