Walijitakia? Wote 11?

Juzi, katika kibanda umiza kimoja hapa Lindi, ilionyeshwa filamu ya matukio ya kweli kuhusu maafa ya Agosti 2008 kwenye K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, ulioko mpakani mwa Pakistani na China, ikiwa imetiwa sauti ya Kiswahili na mtafsiri ambaye huongeza chumvi pasipohitajika na kupita mbio panapohitaji utulivu. Kila mpandaji alipoanguka, watu waliangua kicheko. "Matajiri wamechoka kuishi hao, wamejitakia," alisema mzee mmoja, na kibanda kizima kikamuunga mkono.

Nakubali, shingo upande, kwamba kicheko hicho kina sehemu ya haki yake. Mtu anayetoa fedha zake ili akasimame mita 8,611 juu ya bahari, ambako oksijeni ni kama theluthi moja ya ile tunayovuta hapa pwani, kisha akafika kileleni jua likielekea kuzama ilhali anajua kwamba kushuka gizani ni kucheza na mauti, hawezi kudai kuwa alisukumwa. Ni nani aliyekosea kupanga kamba siku ile, hilo wabishane wapanda milima wenyewe.

Lakini walikufa watu 11, na wanne kati yao walikuwa kazini. Jehan Baig na Meherban Karim walitoka Shimshal, Pakistani. Jumik Bhote na Pasang Bhote walitoka Nepali. Hawa waliajiriwa kubeba mizigo, kufunga kamba na kuwafikisha wengine kileleni. Jehan Baig alianguka alipokuwa akisaidia kuushusha mwili wa Mserbia Dren Mandić, aliyekuwa ametangulia kuanguka. Jumik alinaswa usiku kucha kwenye kamba pamoja na wapandaji Wakorea, na Pasang Bhote, aliyekuwa salama kambini, akapanda kuwafuata. Barafu iliporomoka, naye hakurudi. Je, huyu naye alijitakia?

Kuna mahali mtafsiri wetu alipapita kwa maneno machache tu, "hawa ni wabeba mizigo, twende mbele," nami nalazimika kuparudia. Ukuta wa barafu unaoning'inia juu ya ule mfereji mwembamba uitwao Bottleneck ulikuwa umemeguka na kuzikata kamba ambazo watu walitegemea kushukia. Ilikuwa usiku. Mnepali mwingine, Pasang Lama (si yule Pasang Bhote), hakuwa na shoka la barafu, kwa kuwa lake lilikuwa limetumika kushikilia kamba. Mnepali mwenzake, Chhiring Dorje, ambaye shoka lake lilikuwa mkononi na ambaye angeweza kushuka peke yake bila mtu yeyote kumlaumu, alijifunga kwa kamba moja na mwenzake huyo asiye na kitu cha kujishikia, wakaanza kushuka hatua kwa hatua: shoka linakitwa, mguu wenye meno ya chuma unapigwa kwenye barafu, kisha mguu mwingine. Mmoja akiteleza, wanakwenda wote wawili. Walifika chini wakiwa hai. Sijui ni mkataba gani wa kazi unaomdai mtu jambo la namna hiyo, wala sijui kwa nini panapofika hapo ndipo sisi tunapoagiza soda.

Watu wa Lindi ndio hasa tusiopaswa kuwacheka. Kila mara tunadai mjusi wetu wa kale (dinosaria) aliyechimbwa mlima Tendaguru, hapa Lindi, arudishwe kutoka Berlin, na madai hayo nayaunga mkono, lakini kati ya 1909 na 1913 mifupa ile haikufika bandarini kwetu yenyewe. Ilibebwa vichwani na mabegani mwa watu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Mjusi mmoja wa mlima ule alipewa jina la Lettow-Vorbeck, jenerali wa Kijerumani. Boheti bin Amrani, aliyesimamia wachimbaji, alingoja hadi 2007 ndipo mjusi mwingine akaitwa bohetii. Waliobeba hatuwataji kabisa, hata sisi tunaojiita wajukuu zao.

Tena tusidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Vijana wetu wanapanda Kilimanjaro wakiwa na mizigo ya wageni, hadi kilo 20 kwa kanuni, na baridi ya kule juu haimbagui aliyelipa na aliyelipwa. Siku mmoja wao akishushwa kwa machela, namsubiri huyo atakayesimama mbele ya mama yake na kumwambia kwamba mwanawe alijitakia.