Daniel Teklehaimanot na Pointi Tatu za Normandy

Kila mwendesha baiskeli Daniel Teklehaimanot wa Eritrea anapotajwa, wanaomdharau hurudia hoja ileile: jezi yake ilikuwa ya pointi tatu tu. Mwafrika mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya madoadoa mekundu ya Tour de France, ile ya anayeongoza kwa pointi za milima, aliipata Julai 2015 kwa kuongoza juu ya vilima vitatu vya daraja la nne, lililo jepesi kuliko yote, kwenye hatua ya Abbeville hadi Le Havre, kila kimoja pointi 1, huku vigogo wa milima wakitunza nguvu kundini. Akakaa nayo siku nne. Mwishoni ilichukuliwa na Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi.

Hesabu hiyo ni sahihi. Na ni kweli pia kwamba Mweritrea huyo alistaafu bila kushinda hatua hata moja ya Tour.

Lakini pointi zile tatu zilikuwa wazi kwa kila aliyepanda baiskeli asubuhi ile. Zilimtaka mtu achomoke mapema, akate upepo wa pwani kutwa nzima akiwa na wenzake wawili tu, kisha bado awe na miguu ya kuwashinda kila kilima kinapofika. Hiyo ni kazi, tena alikuwa ameizoea: mwezi mmoja kabla alikuwa ametwaa jezi ya milima ya Critérium du Dauphiné, mashindano mengine ya Ufaransa, kule kwenye milima ya Alps, na mwaka 2016 akaitwaa tena. Wanaozihesabu pointi za Normandy huiacha Dauphiné nje ya hesabu, na hapo ndipo wanapomdhulumu.

Ipo hoja nzito zaidi. Biniam Girmay, Mweritrea aliyeshinda hatua 3 za Tour na jezi ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi za hatua, mwaka 2024, alinolewa kwenye kituo cha UCI, shirikisho la baiskeli duniani, kilichoko Aigle, Uswisi. Basi wengine husema kituo ndicho kilichofungua njia, jezi ilikuwa pambo. Nakubali nusu. Teklehaimanot naye alipitia Aigle, na bila Aigle huenda tusingemjua nje ya Asmara na Tour of Rwanda aliyoishinda mwaka 2010. Ila kituo hakimwajiri mtu. Anayeajiri ni mkuu wa timu ya Ulaya, na kabla ya 2015, Teklehaimanot na Mweritrea mwenzake Merhawi Kudus walipopanga mstari pamoja, mkuu huyo hakuwa amewahi kumwona Mwafrika mweusi hata mmoja akianza Tour. Girmay alikuwa na miaka 15 wakati huo. Alipofika umri wa kutafuta mkataba, swali kama Mweritrea anaweza kumaliza wiki tatu za Ufaransa lilikuwa limeshajibiwa.