Mizani ya akina mama wa mwani

Sanduku lina kufuli tatu. Funguo wanazo wanawake watatu wa nyumba tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa wa nne, ambaye hana ufunguo hata mmoja. Kila Alhamisi alasiri wanatandika mkeka chini ya mti wa mkungu, wanalifungua mbele ya wote na kuanza kuhesabu: hisa, mfuko wa jamii, marejesho, mwisho faini za waliochelewa. Kabla ya kulifunga, mweka hazina anataja kwa sauti kiasi kilichobaki na kila mtu anakikariri, maana wiki ijayo mmoja wao ataulizwa tuliacha shilingi ngapi na atatakiwa kujibu.

Kikundi hiki kiko kijiji kimoja cha pwani, kusini mwa mji wa Tanga kama unaelekea Pangani. Wanachama wake wanalima mwani baharini, na mama yangu mdogo ni mmoja wao. Kila watu wanapobishana kama mashirika yasiyo ya kiserikali yanapunguza umaskini au yanakula tu fedha za wafadhili, mimi nalifikiria sanduku lile. Nilifanya kazi ya uwezeshaji kwenye shirika moja kwa miaka minne, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa ndani. Shirika humsaidia maskini pale linapomwachia fedha zake na maamuzi yake mkononi, na likakaa naye muda wa kutosha. Hayo yakikosekana, kinachobaki ni semina, fulana na posho.

Kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana kama hiki, hakikuzaliwa Tanga. Shirika la CARE lilianza mfumo huu na wanawake wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991. Baadaye ukafika Zanzibar, ukaenea bara na tukaanza kusikia jina la VICOBA, yaani benki za jamii za vijijini. Huku pwani haukupata shida kueleweka kwa sababu ulikuta upatu. Bibi zetu walicheza upatu miaka na miaka, wakamjua kijumbe ni mtu wa namna gani, na wakaijua aibu ya anayepokea zamu yake kisha akatoweka. Kilichoongezeka ni daftari, kufuli, na mkopo ambao riba yake inarudi kwa wanachama wenyewe wanapovunja sanduku na kugawana mwisho wa mwaka. Mtaji hawakupewa na mtu.

Mwaka juzi mjukuu wa mama mdogo alizidiwa usiku. Wenye funguo walipigiana simu, wakakutana saa nne na tochi zao, fedha zikatoka mfuko wa jamii, na mtoto akapakiwa kwenye bodaboda hadi hospitali ya Bombo, Tanga mjini. Alipona. Nisingependa kufikiria mama mdogo angekwenda wapi saa ile kama sanduku lisingekuwepo. Labda kwa wale wa kausha damu, wanaokukopesha leo na mwezi ujao wanakuja kubeba kitanda.

Sidai kwamba kikoba kinamaliza umaskini wa Tanga. Mkoa huu uliishi kwa mkonge. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Kisha zikaja nyuzi za viwandani, bei ikaanguka, mashamba makubwa yakataifishwa mwaka 1967, na mengi yakageuka vichaka. Viwanda vya mjini navyo vikafunga milango kimoja baada ya kingine. Mashirika yalipoongezeka miaka ya 1990 yalikuta watu waliokwisha kupoteza ajira, na ajira ya kiwanda hairudi kwa mafunzo ya siku tatu.

Linaloniuma zaidi ni suala la muda. Mradi wa kawaida ni miaka mitatu. Mwaka wa kwanza unaishia kwenye utambulisho na kukusanya takwimu, wa tatu unaishia kwenye tathmini na kufunga hesabu, na mwanakijiji anabaki na mwaka mmoja wa kazi yenyewe. Tulifundisha kutengeneza sabuni ya mwani, na sabuni ilikuwa nzuri kweli. Ila tulifundisha vijiji kadhaa sabuni ileile, vyote vikaipeleka soko lilelile. Mkanda wa mashine ya kusagia ulipokatika, mradi ulikuwa umeshafungwa. Mimi ndiye niliyepiga picha siku ya makabidhiano, na picha ile sijaweza kuifuta.

Tena muda mrefu si jambo lisilowezekana. Mpango wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani ya Tanga, uliofadhiliwa na Ireland kwa utaalamu wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ulianza mwaka 1994 na kuendelea hadi 2007. Wavuvi walikaa na maofisa wa wilaya wakakubaliana miamba ipi ifungwe na nani afanye doria. Uvuvi wa mabomu ulipungua, kisha ukarudi, na haukushuka sawasawa mpaka serikali ilipokaza uzi miaka ya karibuni. Kwangu mimi hilo linaonyesha pia mpaka wa mashirika: kukamata na kushitaki ni kazi ya serikali, na hakuna mradi unaoweza kuibeba.

Mwaka 2025 Marekani ilipoifunga USAID, shirika lake la misaada, ninawajua vijana waliopoteza kazi ndani ya wiki chache, na wagonjwa waliobaki wakiuliza yule mhudumu wetu yuko wapi. Hiyo ni hasara ya kweli na siichukulii kirahisi. Akina mama wa mkungu hawakukosa Alhamisi hata moja.

Narudi kwenye mwani, maana hapo ndipo nilipofunzwa. Unaingia majini maji ya bamvua yakikupwa, unafunga vipande kwenye kamba, unasubiri wiki sita hivi. Maji yakipata joto sana matawi yanageuka meupe na kukatika, umepata hasara. Ukivuna, kilo saba au nane za mbichi zikikauka kichanjani zinabaki kilo moja tu. Inasafirishwa nje kutengenezewa karagini, kiungo cha kufanya vitu viwe vizito, kinachotiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Hapa kijijini mnunuzi anakuja na bei yake mfukoni na mizani yake mkononi.

Kwenye semina ya sabuni bibi mmoja alinyoosha mkono. “Mwanangu, sabuni tutajifunza, tunashukuru. Lakini sisi tunaomba mizani.” Niliandika kwenye ripoti. Jibu lililorudi ni kwamba mizani haimo kwenye bajeti, na fungu la sabuni halihamishiki. Nilirudi kuwaambia, nikashindwa kumtazama usoni.

Waliinunua wenyewe kwa fedha za sanduku, wakaitundika kwenye tawi la mkungu. Siku ya mauzo ya kwanza kiroba cha mama mdogo kilisoma kilo 31 kwao, kwa mnunuzi kikasoma 27. Wakakirudisha kwenye ndoano mbele yake, mara ya pili na ya tatu, wanawake wote wakiwa wamesimama kimya wameizunguka. Akalipa 31.