Hana Kiburi, Anaumwa

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye mkutano wa wazazi, damu ikanichemka mpaka chai walotupa sikuigusa. Kuna binti wa form three, amekuwa akianguka anguka darasani, mara analia, mara anawajibu walimu vibaya, mwishowe kapewa barua akae nyumbani wiki mbili "akapate adabu". Mzee mmoja akasimama akasema watoto wa siku hizi wamedeka, sisi tulikula muhogo tukaenda shule na hakuna aliyejua stresi ni kitu gani. Watu wakapiga makofi. Makofi! Na mamake yule binti yuko pale pale, buibui ameivuta mpaka machoni, anaangalia sakafu.

Pale sikupewa nafasi ya kusema, kwa hivyo nasema hapa.

Mtu mzima akishikwa na dipresheni tunamjua, amenyong'onyea, amejiinamia, machozi karibu. Kijana wa miaka 14, 15 haji hivyo kila mara. Yeye anakuja na hasira. Ukimuuliza umekula anakujibu utadhani umemtukania wazee, anabamiza mlango, usiku halali halafu asubuhi haamkiki, marafiki amewatupa, mpira aliokuwa akiufia hautaki tena. Madaktari wa akili wanalijua hili miaka mingi, kwenye vigezo vyao wameandika kabisa kwamba kwa mtoto na kijana ile kuudhika-udhika inaweza kusimama mahali pa huzuni, na ikishikilia wiki 2 na zaidi, karibu kila siku, pamoja na hayo mengine, si utundu hiyo. Wasiwasi nao hupenda kukaa mwilini. Tumbo, kichwa, moyo kwenda mbio, pumzi kukata, vidole kufa ganzi. Yule binti nani alimuuliza pumzi zake zilikuwaje kabla hajaanguka? Wa kusema mashetani walisema, wa kusema anajitia walisema, wa kuuliza hakuna.

Mtaani kwetu hapa Langoni, Lamu, kuna kijana, mamake ni rafiki yangu na kaniruhusu niyaeleze. Wazazi waliachana, babake akaenda kuoa Mombasa, kijana akapelekwa kukaa kwa ami yake. Tumbo likaanza. Jumapili ikikaribia magharibi linamshika mpaka anajikunja, Ijumaa jioni hana kitu. Kapewa dawa za minyoo, kapewa za vidonda vya tumbo, kapimwa choo, kapimwa mkojo, kila kitu kizuri. Mamake alianza kushuku siku aliyompakulia wali na ukoko akausukuma kando, huyu ambaye tangu mdogo yeye na dadake waligombea ukoko mpaka sufuria inapinduka. Basi akampata nesi mmoja mwenye subira, akamkalisha, akamuuliza, shuleni kuna nini? Kijana kakaa kimya kirefu halafu akasema wenzake wanamcheka kwa mambo ya babake, na usiku kwa ami halali, anafikiri mamake yuko peke yake na mlango wa nyuma haufungi vizuri. Miezi yote ya dawa za minyoo, na hayo ndiyo yalikuwa tumboni.

Lakini hata tukijua kuna kitu kinatufunga midomo, na hapa wallahi ndipo panaponiuma. Tunaficha. Mji wetu huu nyumba zimegusana, ukikohoa chumbani jirani anakupa pole, na mtoto akishikwa na malaria mlango haufungwi, watu wanaingia na uji na matunda na dua. Akiumwa roho mlango unafungwa. Tunasema amesafiri, yuko kwa shangazi yake Malindi. Manake tunaogopa watu watasemaje, nani atakuja kumposa, na si yeye tu, na dada zake pia, wataambiwa nyumba ile ina wazimu kwenye damu.

Namjua mama aliyekuwa akivificha vidonge vya dipresheni vya mwanawe ndani ya kopo la iliki ili mawifi wasivione. Vidonge hivi si panadol. Vinataka wiki 4 mpaka 6 ndio vionyeshe kazi, havikatwi ghafla, na kwa kijana vinataka daktari awe anamfuatilia hasa zile wiki za mwanzo. Sasa mtoto atavimezaje sawasawa ikiwa kila mgeni akipiga hodi kopo linahamishwa? Mawifi walikuja kufunga Ramadhani, dawa zikasimama, na kijana akarudi chini kuliko alipoanzia. Na mtoto anaona. Anajua kuwa yeye ndiye anayefichwa. Ugonjwa wenyewe ushamwambia usiku kucha kwamba hana thamani, na sisi asubuhi tunamhakikishia.

Hata sheria ilikuwa upande wa aibu. Kifungu cha 226 cha Penal Code, sheria ya makosa ya jinai ya Kenya, kilisema anayejaribu kujiua akanusurika ni mhalifu, mpaka miaka 2 jela. Ni juzi tu, Januari 2025, Mahakama Kuu iliposema kifungu hicho kinapingana na Katiba. Miaka yote hiyo mzazi akifika hospitali na mtoto mahututi alikuwa na sababu ya kudanganya. Sababu hiyo imeondoka, mazoea bado tunayo.

Najua nitaambiwa ni imani ndogo. Nabii Yaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, iko kwenye Qur'ani na kila mtoto wa madrasa anaijua, nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa pungufu? Mtume (s.a.w.) alipofiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib, mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Huzuni. Na Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, aliandika kwamba kuna huzuni ambayo sababu yake inajulikana na kuna inayomshika mtu hajui imetoka wapi, na kwamba hazitibiwi sawa. Kisomo sikipingi, mwanangu akiumwa namsomea, na kombe, maji yaliyooshea maandishi ya Qur'ani, anywe. Ila maalim mwenye elimu akiona siku zinapita atakwambia mpeleke na hospitali, na wapo wanaosema hivyo, Mungu awalipe. Anayemtandika mtoto fimbo kumtoa jini, huyo nampinga hadharani.

Haya, umekubali, unampeleka wapi? Ukiambiwa daktari wa akili yuko Mombasa ni boti mpaka Mokowe, basi la Witu, Garsen, Malindi, siku nzima njiani, nauli za watu wawili na pa kulala. Kwa mvuvi hiyo ni pesa ya mwezi. Na Shirika la Afya Duniani linasema mmoja katika kila vijana 7 wa miaka 10 mpaka 19 ana shida ya afya ya akili, yaani darasa la watoto 45 ni kama 6. Hatuwezi kuwapandisha basi wote, na wengi wao hawahitaji kwenda mbali hivyo wakipata mtu aliyefunzwa kuwasikiliza mapema.

Zimbabwe walifanya. Dr Dixon Chibanda, daktari wa akili, alianza mwaka 2006 kule Harare kuwafundisha mabibi wa mtaani wakae kwenye benchi nje ya zahanati, wamsikilize mtu kwa utaratibu maalum, washike tatizo moja walitatue pamoja. Utafiti uliotoka 2016 ulikuta kwamba baada ya miezi 6 waliokaa na mabibi wale walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hapa hapa Kenya, shirika la Shamiri limewafundisha vijana wenzao waliomaliza sekondari waongoze vikundi vya wanafunzi, na utafiti wao pia ulionyesha dipresheni na wasiwasi vinapungua. Sasa sisi mabaraza yako nje ya nyumba, mabibi wapo na kila mtoto anawaamkia shikamoo. Tuna masomo, wale wanawake wanaowakalisha wasichana wakivunja ungo wakawafunza kujitwahirisha, usafi, mambo ya ndoa, kwa nini wasifunzwe na haya? Na kwa wavulana makocha wa mpira, manake kocha ndiye wa kwanza kujua nani haji mazoezi tena. Kaunti itafute pesa ya kuwafundisha watu hawa na nesi wa kuwasimamia, na vituo vya afya vya Faza na Kizingitini, kule kisiwani Pate, visisahauliwe kama kawaida.

Sawa, mtasema ni simu ndiyo inayowaharibu. Anayekesha TikTok mpaka saa tisa za usiku asubuhi hawezi kuwa mzima, hilo nakubali, na wako wanaojitia pia. Ila wengine wanakesha kwa kuwa usingizi umekataa, simu imekuja baadaye. Hivyo hivyo kwa wavulana wanaoanza na muguka, yale majani ya kutafuna, wakaenda bangi wakafika kwenye unga wa heroini, tunawaona wakishakuwa mateja.

Muulize mwanao. Usimuulize mbele ya watu, wala usimkalishe kama uko polisi, mpe kitu cha kufanya, muwe mnaparua samaki au mnakuna nazi, kijana huongea macho yakiwa kwingine. Akianza usimkatize kwa "mbona sisi zamani". Na akitamka maneno ya kuchoka na maisha, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii fikra hiyo kichwani, kunampa nafasi ya kuitoa. Akisema ndio, usimwache peke yake, dawa na vitu vya hatari viondoe karibu naye, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na useme ukweli wote, mawifi wakija wakute nyumba tupu. Na mpe namba ya Childline, simu ya msaada kwa watoto, 116, bila kumsimamia kichwani. Ni bure, usiku na mchana, na anaweza kupiga mwenyewe bila kukuomba ruhusa.