Kibarua cha kiangazi na hesabu ya ajira Dodoma

Kila Serikali inaposoma idadi ya ajira ilizozalisha, jibu huwa lilelile, iwe bungeni, kijiweni au ndani ya daladala ya kwenda Mtumba: "Hizo siyo ajira, ni vibarua." Sentensi hiyo ina nguvu, na mara nyingi ina haki. Lakini ikisemwa kwa haraka inawafuta watu ambao, kwa hapa kwetu mikoa ya kati, kibarua ndicho kinachoamua kama mwakani watakuwa na chakula au hawatakuwa nacho. Nataka kuutetea upande huo ambao hauna wasemaji, ila kwanza nianze na wanaoupinga, maana hoja zao si za kupuuzwa.

Ilani ya CCM ya mwaka 2020 iliahidi ajira zisizopungua milioni 8 ndani ya miaka mitano. Ulipofika mwaka 2025 Serikali ikasema lengo limefikiwa. Katika hesabu ya namna hiyo zimo ajira za miradi: waliomwaga zege kwenye reli ya SGR, waliopandisha majengo ya mji wa Serikali, waliosambaza kokoto kwenye barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3, walioko Msalato kwenye uwanja wa ndege. Saidia fundi aliyefanya miezi minne reli, akakaa miezi mitatu bila kitu, kisha akaitwa saiti nyingine, anaweza kuonekana kama watu wawili waliopata kazi, ilhali ni mtu mmoja aliyeikosa katikati. Wengi wa hao hawakuwa na mkataba wa maandishi wala michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mkandarasi akimaliza, anafungasha na kuondoka.

Dodoma inalijua jambo hili kuliko mji mwingine wowote nchini. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo leo ni Jiji. Sensa ya mwaka 2022 ikakuta 765,179. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilifuata ujenzi ulioanza Serikali ilipoamua kuhamia huku mwaka 2016. Mji uliokua kwa zege una haki ya kuuliza zege likiisha watu watakula nini.

Tena kuna kundi ambalo kibarua hakiligusi kabisa. Mapema mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na maombi yakafika 135,027. Hiyo ni zaidi ya watu 84 kwa kila nafasi. Kipindi hichohicho walimu waliomaliza vyuo miaka mingi wakakaa bila kupangiwa shule waliunda umoja wao, NETO, wakipinga usaili na kudai waajiriwe. Ukimwambia mwalimu wa fizikia kwamba Serikali imezalisha ajira milioni kadhaa huku yeye akiuza vocha, unamkosea adabu. Hapo nakubaliana na wakosoaji moja kwa moja.

Ninapoachana nao ni pale wanapofika mwisho wa hoja na kusema kwamba fedha zinazokwenda kwenye kazi za muda zimepotea, kwa kuwa kazi ya muda haihesabiki.

Neno lenyewe kibarua ni barua ndogo: kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa ili jioni akionyeshe na kulipwa. Tangu mwanzo lilikuwa neno la hesabu, ushahidi kwamba siku imefanyiwa kazi na ina deni. Leo tumeligeuza kuwa tusi. Hata takwimu zetu zinahangaika nalo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutumia vipimo viwili vya ukosefu wa ajira: kile cha kimataifa, ambacho humhesabu kuwa ana kazi hata aliyefanya saa moja tu katika wiki iliyopita, na kile cha kitaifa, ambacho humweka miongoni mwa wasio na ajira hata yule mwenye kazi ya kubahatisha. Ndiyo maana kipimo cha pili hutoa kiwango kikubwa kuliko cha kwanza, na kila upande wa siasa hujichagulia unachokitaka. Vyote viwili, vikishaandikwa kama asilimia moja ya mwaka mzima, havisemi lolote kuhusu tofauti ya Septemba na Januari pale Bahi. Na tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja. Inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inakoma Aprili, na mwaka wa kawaida haizidi sana milimita 600. Mavuno ni Mei na Juni. Baada ya hapo ardhi inafunga mlango kwa nusu mwaka. Mwenye zabibu ana kazi ya kukatia matawi na kumwagilia. Mwenye uwele, mtama na alizeti hana. Vijana wanashuka Dar es Salaam au wanakuja mjini kusukuma toroli. Akiba ya chakula inateremka ghalani taratibu, na kwa kaya maskini inagusa sakafu Desemba au Januari, wakati hasa ambapo jembe linahitajika shambani.

Nimeyaona haya kijijini kwa bibi yangu, upande wa Mvumi. Mvua imenyesha, kila mtu anapaswa kuwa kwenye palizi ya shamba lake, lakini asubuhi unakuta akina mama wanakwenda kupalilia shamba la mtu mwingine kwa debe la mahindi au hela ya siku hiyo. Wengine huenda mbali zaidi, Kibaigwa au ng'ambo ya mpaka huko Kiteto, kwenye mashamba makubwa. Wanarudi baada ya wiki mbili na kukuta magugu yamelishinda zao lao. Mei wanavuna kidogo, Januari chakula kinawahi kuisha kuliko mwaka uliopita, na wanarudi kulekule. Wengine huuza mazao yangali shambani kwa bei ya aibu. Huu ndio mtego wenyewe. Wanaotusema watu wa kati kwamba ni wavivu au omba omba hawajawahi kuamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kulima la mwenzao huku lao likifa.

Sasa weka hapo mpango wa ajira za muda wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Serikali. Chini ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, kaya ya walengwa ilipata hadi siku 60 za kazi kwa mwaka, na kazi hizo zilipangwa nje ya msimu wa kilimo: kuchimba malambo, kukinga maji, kutengeneza barabara za vijijini, kupanda miti. Awamu ya kwanza ujira ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku. Awamu ya pili, iliyozinduliwa Februari 2020, ukapanda hadi 3,000. Siku 60 mara 3,000 ni shilingi 180,000.

Nimekaa na namba hiyo muda mrefu. Kwa mtu wa mjini ni kodi ya chumba ya miezi michache. Kwa anayehesabu "ajira" ni sifuri. Lakini zikilipwa kati ya Agosti na Novemba, hizo ni gunia za mtama zilizonunuliwa bei ingali chini, na mama ana uwezo wa kubaki kwenye shamba lake Januari nzima. Thamani yake inazidi zile 180,000, kwa sababu ndani yake mna palizi moja iliyofanyika kwa wakati. Shilingi hizohizo zikilipwa Februari zinakuwa pole tu, maana palizi imeshapita.

Hapo ndipo udhaifu mkubwa wa mpango ulipo, na ningependa wakosoaji waupigie kelele huo. Malipo yanapochelewa mpango mzima unageuka kitu kingine. Mlengwa amechimba lambo Septemba, anakopa dukani akitegemea malipo, fedha zinafika mvua ikishanyesha, na zote zinaishia kwa mwenye duka. Kwa mwajiriwa mwenye mkopo wa benki kuchelewa kwa mshahara ni usumbufu. Kwa mtu wa kiangazi cha Dodoma kuchelewa ni kukosa mwaka.

Udhaifu wa pili ni ujira wenyewe. Siku ya Mei Mosi 2025, sherehe zilizofanyika Singida, Rais alitangaza kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi. Lilikuwa jambo jema. Lakini mtumishi wa chini kabisa sasa anapata kwa mwezi mmoja karibu mara tatu ya kile kaya ya kibarua ilichokuwa ikipata kwa mwaka katika siku zake 60. Wataalamu wana sababu ya kuuweka ujira chini: ukiwa chini, mwenye uwezo hajitokezi, na anayechukua sururu ni yule mwenye shida kweli. Kazi ya namna hii haiombi barua ya maombi wala mjumbe wa kukupendekeza. Jua la saa nane ndilo linalofanya usaili. Naikubali mantiki hiyo. Lakini kuna mpaka ambapo ujira mdogo unaacha kuchuja na kuanza kunyonya, na kwa bei za leo 3,000 imeshakaribia mpaka huo.

Linganisha na mpango uliopata sifa nyingi zaidi, Jenga Kesho Iliyo Bora, maarufu kama BBT, wa kuwaingiza vijana kwenye kilimo, uliozinduliwa hapa Dodoma Machi 2023. Waliomba vijana zaidi ya 20,000, wakachukuliwa 812 kwa mafunzo, na mashamba ya pamoja yakaanza kuandaliwa Chinangali na Ndogowe, wilayani Chamwino. Siwezi kuukejeli. Kisima na umwagiliaji ndiyo njia pekee ya kuifungua ile miezi sita ya ardhi iliyofungwa, na bajeti ya kilimo ilikuwa imedumaa miaka mingi kabla ya kupanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 970 mwaka 2023/24. Ila ni ajira nzito kwa wachache, na kwa kila mmoja aliyechaguliwa kuna zaidi ya ishirini waliorudi nyumbani. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, inayotengwa kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, nayo inadai kikundi, katiba na wazo la biashara. Mtu wa palizi ya Januari hafiki huko.

Wapo wanaosema malambo hayo hujaa mchanga na barabara hizo hulika na maji ndani ya misimu miwili. Ni kweli kwa nyingi, na chanzo chake kinajulikana: kazi ya mikono ilitengewa fedha, mhandisi na matengenezo vikasahaulika. Lakini asiniambie mtu kwamba huku hakuna kazi ya kufanywa, kwamba watu wanachimba mashimo ili walipwe. Kondoa ilimomonyoka kiasi kwamba mradi wa hifadhi ya ardhi, HADO, ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika ili udongo upone. Nchi hii ya makorongo ina kazi ya miaka hamsini kwa kila mwenye chepe.

Wazee nao wana woga wao, na ninauheshimu. Wanakumbuka matuta ya kulazimishwa enzi za mkoloni, wanakumbuka Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, wasio na kazi walipokamatwa mijini na kurudishwa vijijini. Serikali ikitaja kazi, wao husikia amri. Dawa yake ni kumpa mwananchi haki ya kudai. India ilitunga sheria mwaka 2005 iliyoipa kaya ya kijijini haki ya kuomba hadi siku 100 za kazi kwa mwaka, na ikikosa kupewa, ilipwe posho ya kutokuwa na kazi. Utekelezaji wake ulikuwa na mapengo mengi, lakini mwelekeo ule wa raia kuidai Serikali kazi ndio unaokosekana kwetu. Sisi tuna walengwa, yaani watu waliochaguliwa na mpango. Mpango ukiisha, hawana pa kubishia hodi.

Nao umefika huko. Awamu ya pili, iliyofikia zaidi ya kaya milioni 1.3 na kutegemea sana mikopo na misaada ya nje, ilipangiwa kufika ukomo Septemba 2025. Miezi miwili baadaye Rais aliunda wizara ya vijana ndani ya ofisi yake, na mjadala wote ukahamia kwa vijana, mitaji na ubunifu. Wana haki ya kusikilizwa. Lakini sitaki kibarua cha kiangazi kizikwe kimyakimya ndani ya mjadala huo, wala sitaki kitumike kujaza tarakimu za ajira ili waliosoma wanyamaze. Kihesabiwe peke yake, kwa siku za kazi na tarehe ya malipo. Kigharamiwe na bajeti yetu. Na kianze Bahi, Chamwino na Mpwapwa kabla ya maeneo yenye mvua mbili.

Ugumu uko kwenye kalenda ya Bunge lenyewe. Bajeti hujadiliwa hapa kuanzia Aprili hadi Juni. Ni miezi ambayo ukipita Buigiri unaona uwele umesimama, maboga yako barazani, mbuzi wamenona. Mbunge anayetoka Dar es Salaam kwa treni asubuhi na kufika kikaoni haoni njaa yoyote dirishani, kwa sababu wakati huo haipo. Itakuja Januari, na fedha za kuizuia zinapaswa kupitishwa Juni hiyohiyo, wakati maghala bado yamejaa.