Moja Tuu

Chama chetu cha wanataaluma wa Kiswahili hakina mali. Kina mhuri, kina akaunti ya benki yenye watia saini watatu ambao hawajawahi kuwa mji mmoja siku moja, na kina katiba ya kurasa 31 ambayo nadhani ni mimi peke yangu niliyeisoma mpaka mwisho. Ndiyo iliyoniponza. Mwaka jana, katikati ya kikao cha kamati ya maandalizi, nilitoka nje kupokea simu ya mwenye ukumbi. Niliporudi nikakuta watu wananipigia makofi. Nimeshakuwa Msimamizi wa Uchaguzi. "Wewe Dokta ndiye unayezijua ibara," wakaniambia, kwa sauti ileile wazee wanayomwambia kijana kwamba yeye ndiye anayejua kuchinja.

Kongamano lilikuwa Morogoro, na walioichagua hawakuwa na haja na milima ya Uluguru. Walitaka treni. Tangu SGR, reli yetu mpya, ianze kubeba abiria mwaka 2024, mtu anakunywa chai Dar es Salaam, anashuka Morogoro na kuwahi kulalamika kwamba chai ya saa nne imechelewa. Siku mbili za mada zilipita salama, salama ya kwetu: mtoa mada ana dakika 15, kumi za kuwashukuru waandaaji, tano za kulaumu projekta. Mimi nilikuwa pia mhakiki wa ikisiri, yaani mihtasari ya mada. Tuliomba maneno 250, zikaja mpaka za 900. Kumi na nne nilizirudisha kwa makosa ya tahajia peke yake, na moja, Mungu anisamehe, niliiandikia pembeni: "Anayeandika 'vizuli' atatufundisha nini kuhusu fonolojia?" Niliandika kwa kalamu ya kijani. Kwenye idara yetu msahihishaji wa kwanza anatumia nyekundu, wa pili anatumia kijani, na mimi tangu nimeajiriwa ni wa pili. Chama kizima kinaijua kalamu yangu. Wengine wana makovu yake.

Siku ya tatu ndiyo ya mkutano mkuu wa mwaka. Saa moja asubuhi nilikuwa steshenari, kuchapisha karatasi za kura. Binti wa pale akachomeka flashi yangu, kompyuta ikapiga mlio, akaichomoa na kunirudishia kwa ncha za vidole viwili kama anarudisha panya aliyekufa.

"Ina virusi, baba. Wewe nisomee, nitaandika."

Nikamsomea. Binti anachapa huku ananitazama mimi, vidole viko kazini kwao. Tulikuwa tumefika kwenye maelekezo, "Weka alama ya vema mbele ya jina la mgombea. Chagua jina," simu ikaita. Mpishi. Unga umepelea, watu ni wengi kuliko tulivyomwambia, sasa chapati agawe ngapi kwa kila mtu? Nikamjibu, tena kwa ukali, maana nilishalipia mbili mbili. Nikakata simu.

"Tumefika wapi, mwanangu?"

"Hapo nimeshamaliza, baba. Endelea."

Nikaendelea. Zikatoka A4 ishirini, kila moja ina kura nne. Nikazikata kwa mkasi palepale kaunta, vipande themanini vilivyonyooka, nikavifunga na raba. Hela ndogo sikuwa nayo na mtandao wa simu ulikuwa chini, nikaahidi kurudi. Kuzisoma, sikuzisoma. Mtu hasomi alichokisema mwenyewe.

Ajenda ya uchaguzi ilikuwa ya sita. Ya tano ilikuwa "Mahali pa kongamano lijalo", tumeitengea dakika ishirini. Ikala saa moja na nusu. Wa kwanza kusimama alikuwa mzee wetu wa Mombasa, kofia ya vito kichwani, hana haraka na mtu.

"Mwaka 1928 watu walikutana Mombasa, kwetu, wakaamua Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja. Kimvita chetu kikakaa kando kinatazama. Sawa, tulinyamaza. Sasa hata kongamano mtatunyima?"

Ukumbi ukapiga makofi. Mjumbe wa Unguja akainuka kabla hayajaisha. "Na sisi mlitufanyia hisani gani? Mlikichukua Kiunguja mkakisanifisha, leo nikizungumza lugha ya mama yangu mwanafunzi wa bara ananisahihisha!" Akapigiwa makofi zaidi. Mtu wa Mbeya akasema Mbeya ina baridi nzuri, akaambiwa akae. Likaja pendekezo kwamba tukutane tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ile iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021; likafa bila kupigiwa kura, kwa sababu siku hiyo kila mmoja wetu ana mwaliko mahali pengine, na wa posho. Mwishowe Mombasa ikapita. Nadhani ilipita kwa aibu.

Ilipofika zamu yangu watu walishaanza kutazama saa. Waliokata tiketi za treni ya jioni walikuwa na mabegi miguuni. Nikahesabu vichwa: 63. Wanachama hai ni 110, akidi ni nusu, tuko vizuri. Wagombea wa uenyekiti walikuwa wawili. Mmoja nitamwita Mama Fonolojia, profesa wa elimu ya sauti za lugha aliyesimamia tasnifu yangu kwa miaka sita na kunifundisha, kati ya mengine, woga. Wa pili nitamwita Mzee wa Ushairi, mtu mpole aliyeahidi kwamba akichaguliwa mikutano itaisha mapema. Kwa siku ile, hakuna ilani iliyoizidi hiyo.

Nikasimama mbele na boksi la chupa za maji tulilolitoboa kwa kisu cha jikoni. Nikawasomea kanuni kwa sauti ya hakimu: "Ibara ya 19, kifungu cha nne. Kura yenye maandishi au alama nyingine yoyote zaidi ya alama ya vema, imeharibika." Nikarudia: "Imeharibika." Kisha, ili nionyeshe mfano, nikapiga ya kwangu kwanza, nikaikunja, nikaitumbukiza. Sekunde kumi hazikufika.

Watu wakapiga kura. Nikaona kitu ambacho ningepaswa kukijali: kila aliyepokea karatasi alitulia, akakunja uso, akaisogeza mbali kidogo, akaisogeza karibu. Tena wengi walitabasamu. Nikasema moyoni, ona wanavyoithamini demokrasia.

Tukahesabu mbele ya mawakala. Kura ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili ina vema mahali pake, lakini chini kwenye maelekezo pana mkwaju mwekundu. Nikaisogeza kwenye mwanga.

"Chagua jina moja tuu."

U mbili. U ya pili imekatwa kwa mkwaju na pembeni pamewekwa ile alama ya kufuta tunayowafundisha wanafunzi mwaka wa kwanza. Jasho likanitoka mgongoni. Nikafungua ya tatu: imekatwa. Ya nne safi. Ya tano imeandikwa "taz. kamusi". Ya sita imezungushiwa duara na kuulizwa "Chanzo?" Kuna aliyetoa alama, 6 kwa 10. Kuna aliyeacha u zote mbili akashughulika na "Mweka Hazina" kwenye orodha ya chini, akayaunganisha maneno hayo kwa kialama, kana kwamba amengoja miaka kupata nafasi hiyo. Na mmoja, mtu wa Mzee wa Ushairi bila shaka, alitunga mizani nane: "Tuu hiyo yatutia tu." Nimeihesabu baadaye. Imezidi mizani moja.

Unapowapa watu 63 waliozeeka wakisahihisha mitihani karatasi yenye kosa, pamoja na kalamu, usitegemee wataangalia majina.

Matokeo nikayasoma kwa sauti iliyokuwa imebaki. Mama Fonolojia, 18. Mzee wa Ushairi, 18. Zilizoharibika, 27.

"Kwa hiyo Zilizoharibika ndiye mwenyekiti," sauti ikasema nyuma.

"Mwongozo!" "Taarifa!" Ukumbi ukawaka. Bwana mmoja wa sintaksia, mtu wa miundo ya sentensi, akasimama akadai kwamba kufuta si kuandika: kanuni inakataza kuongeza alama, na aliyekata u amepunguza, kwa hiyo kura ni halali. Mwenzake akamjibu kwamba mkwaju wenyewe ni alama. Wa sintaksia akauliza, mkwaju una maana gani ukiwa peke yake? Nikaona dalili za mada ya mwakani. Mabegi mawili yakatoka mlangoni kimyakimya, likafuata la tatu.

Ajabu, aliyenitetea alikuwa Mama Fonolojia. Akasimama bila kuomba ruhusa. "Neno hilo ni la silabi moja. Mtu akitaka kulisisitiza analivuta, kila mmoja wenu analivuta. Aliyeandika hivi ameandika sauti. Amekosea tahajia, masikio hayana kosa." Nikataka kulia. Miaka sita ya tasnifu hakuwahi kunisifia sikio.

Ndipo mzee wa Mombasa, aliyekuwa wakala wa hesabu na aliyekuwa akizipanga zile zilizoharibika kama karata, akainua moja juu.

"Hii hapa," akasema taratibu, "imekatwa kwa kijani."

Kimya. Vichwa sitini vikageuka kuitazama kalamu iliyokuwa mfukoni mwa shati langu.

Wallahi sikumbuki kuikata ile u. Sikuiona kabisa. Ni mkono. Miaka kumi na saba ya kusahihisha, mkono umeshajitegemea. Uliona kosa, ukalikata, haukuniarifu. Msimamizi wa Uchaguzi nimeharibu kura yangu mwenyewe, kwa kosa langu mwenyewe, dakika moja baada ya kuisoma kanuni inayoharibu, mara mbili.

Hilo lingeisha kwa kicheko. Lakini mzee hakuishusha karatasi. Mtu wa safu ya mbele akainama kuitazama vema iko kwa nani, akajikohoza, akakaa. Mama Fonolojia akasogea, akavaa miwani, akasoma.

Vema ilikuwa kwa Mzee wa Ushairi.

"Kumbe," akasema.

Nimewahi kufukuziwa deni, nimewahi kung'atwa na mbwa wa mkuu wa idara. Hiyo "kumbe" ilikuwa peke yake. Nikaanza kusema kitu kuhusu mikutano kuisha mapema. Akanizuia kwa kiganja.

"Kusahihisha, umesahihisha vizuri," akasema. "Hapo nilikufundisha mimi."

Tukaamua kurudia. Nikahesabu vichwa: 52. Nikatoka mbio mpaka getini, nikawakuta wajumbe watatu ndani ya bajaji na wa nne anapatana bei. Nikamshika dereva mkono. "Dokta, treni!" wakalia. Nikawaambia katiba haijui treni. Nikawarudisha wote wanne kwa kuahidi kuwalipia bajaji ya pili, jambo ambalo Mweka Hazina, kwa maneno mawili au moja, mpaka leo hajalirejesha. Tukawa 56. Safari hii karatasi zilikuwa tupu kabisa, migongo ya fomu za tathmini ya kongamano ambazo hakuna aliyekuwa amezijaza. Andika jina, kunja, basi. Nikavua kalamu ya kijani mbele ya watu, nikaikabidhi kwa mzee wa Mombasa.

Mama Fonolojia alipata 37. Mzee wa Ushairi akapata 19 na akampongeza kwa beti mbili, tukamwomba aishie hapo. Kazi ya kwanza ya Mwenyekiti mpya ilikuwa kuunda kamati ya maandalizi ya Mombasa. Ikisiri akampa mtu mwingine. Mabango mtu mwingine. Vyeti, ambavyo bila hivyo hakuna anayekuja kwa sababu ndivyo vinavyopandisha watu vyeo, akampa mtu mwingine na naibu wake. Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Wewe, Dokta, utashughulikia viti."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kuondoka, nikapita steshenari kulipa deni, na nia nyingine nilikuwa nayo: kumwambia yule binti, kwa upole wa mwalimu, kuhusu maneno ya silabi moja. Nikaanza kwa mbali. Nikamwuliza pale kwenye "moja" ilikuwaje.

"Si wewe ulisema, baba?" akashangaa. "Nilikuwa nakusubiri useme jina nini, ukasema 'Moja tuu! Nimesema moja tuu!' Ile ya pili sikuiandika, niliona unarudia."

Nikakumbuka chapati.

Nikampa hela yake. Akaandika risiti kwa mkono, mwandiko wa kulala mzuri, akaichana na kunipa. Nikaisoma palepale, neno kwa neno, kidole kinafuata mstari. Kuchapa na kurudufu. Kiasi kwa maneno: shilingi elfu tano tu.

U moja.